Maji Aliyonawa Mkubwa

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mjukuu wake, kijana mwenye sauti nzuri ya kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili kwenye kiti cha plastiki, kanga kichwani, nikiitikia panapostahili kuitikiwa. Alizaliwa Kwashemshi, akasomea uuguzi, akawa metroni wa hospitali yetu enzi za Ujamaa. Sawa. Alikuwa mcha Mungu na alipenda usafi. Sawa pia. "Bibi yetu," kijana akaendelea, "ndiye aliyeondoa beseni la kunawia wodini akaleta debe la koki, na kwa njia hiyo akaokoa maisha ya akina mama wengi." Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Amina." Mimi nikasema, "Ala!" na nadhani nilisema kwa sauti, maana mzee wa kanisa aligeuka akanikata jicho. Magoti yangu siku hizi hayataki kazi, lakini kwa hasira iliyonipanda pale msibani Korogwe ya Zamani, kama jeneza lisingekuwa mbele yangu, ningesimama bila fimbo na kusema yangu.

Metroni Agnesi kaondoa beseni! Jamani, beseni lile alilishikilia mwaka mzima mimi nikivuta upande wa pili, na mwisho wa kuvutana kwetu alikufa mtu. Huyo aliyekufa hakutajwa kwenye wasifu. Basi acha nimtaje mimi, na mwaka wenyewe niueleze ulivyokuwa. Watu wa kubisha wamebaki wachache, na nikinyamaza na mimi, itabaki hiyo hiyo ya mjukuu.

Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa upande wa Handeni, kule ambako mvua huja ikijisikia, na maji yalikuwa yakiletwa na lori kutoka lambo, yakimiminwa kwenye mapipa nyuma ya jiko, kisha kila wodi inapewa madebe yake. Mimi nilikuwa sista kijana niliyetoka kozi. Kwenye kozi hiyo tulifundishwa namna maradhi yanavyotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine humo humo hospitalini, kwa mikono yetu sisi tunaojiita waganga. Niliporudi nikapewa kazi ya kusimamia usafi na kuzuia maambukizo hospitali nzima. Cheo kikubwa, maskini, hakina hata meza. Bwana Afya wa wilaya tulikuwa tunamjua, yule anayekagua vyoo na mabucha, kwa hiyo wenzangu hawakukawia kunibatiza. Nikipita tu, "Bibi Afya huyo, ficheni sufuria!" Nilicheka nao wiki za mwanzo. Baadaye nikaacha kucheka.

Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Zaina, mhudumu wa wodi ya wazazi. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, jiko la mkaa mlangoni, na dirisha linalotazama mapipa ya maji, hivyo kila ugomvi wa maji tuliusikia kabla ya wenyewe kumaliza kugombana. Zaina alikuwa mtu wa maneno, akipika anasema, akila anasema. Jioni tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, na njaa ilipobana tukala ugali wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, naye akiumega anauambia, "Na wewe ingia, hujaalikwa lakini ingia." Mume wake alikuwa mkata mkonge mashambani, akija akiweza. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, na alikuwa anaibeba kwa hofu, akitembea polepole hata ndani ya chumba. Usiku akilala aliweka mikono miwili juu ya tumbo.

Sasa nieleze beseni, maana vijana wa leo hawalijui. Raundi ya asubuhi ilikuwa na kigari, na juu ya kigari beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, limejaa maji yaliyotiwa dawa ya lisoli, na pembeni taulo moja. Daktari anamshika mgonjwa wa kwanza, anatumbukiza mikono, anajifuta. Metroni anafuata, anatumbukiza. Kisha sista, kisha wanafunzi, kila mtu kwa cheo chake. Tunakwenda kitanda cha pili, yale yale. Tukifika mwisho wa wodi maji yamekuwa ya rangi ambayo sitaisema mbele ya chakula, na dawa yenyewe ilikuwa ya kuungaunga, tone hapa tone pale, kwa sababu nayo ilikuwa adimu. Katika wodi ile akina mama walikuwa wanajifungua salama, wanacheka, wananyonyesha, halafu siku chache baadaye homa inapanda, tumbo linauma kuguswa, na penisilini yenyewe ni ya kugawana. Homa ya uzazi. Ilikuwa inafuata vitanda kwa mpangilio wa raundi. Nilikuwa naiona kwa macho yangu, kitanda hiki, kisha jirani yake, kisha jirani wa jirani.

Utauliza, kwa nini msimwage yale maji mkaweka mengine? Nami niliuliza hivyo hivyo. Jibu nililijua tangu utotoni, kwa sababu kwetu sote, Mzigua na Msambaa, chakula kikitengwa mkubwa hunawa kwanza, wadogo wanafuata katika maji yale yale, na mtoto atakayeyamwaga ya mkubwa ili anawe mapya atachapwa. Amemtukana mzee. Amesema mzee ana uchafu. Desturi hiyo nyumbani haina neno, sote tumekua nayo. Lakini ilikuwa imevaa gauni jeupe ikaingia wodini pamoja nasi, na hakuna aliyeitambua. Katika mkutano wa wafanyakazi nilisimama nikaeleza vizuri, kwa adabu zote, kwamba mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka, kila mgonjwa na maji yake. Metroni Agnesi aliniacha nimalize. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, hapandishi sauti hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma. "Tumekusikia, Sista," akasema. "Kwa hiyo unatuambia Daktari ana uchafu?"

Watu wakatazama miguu yao. Nikasema, "Sijasema hivyo, Metroni." "Maji anayonawa Daktari yanamdhuru mgonjwa. Si ndivyo ulivyosema? Au tumesikia vibaya?" Daktari mwenyewe, aliyekuwa anajua kabisa kwamba nasema kweli, akakohoa akasema jambo hili litaangaliwa. Baadaye nikamfuata nje. Akanijibu bila haya, "Sista Mwanahawa, mimi mwakani nahamishwa. Wewe ndiye utakayebaki na Metroni. Heri nusu shari." Nilitamani kumpiga kofi, Mungu nisamehe. Na siku hiyo hiyo, nikiwa nachemsha sindano, nikasikia Metroni akisema chumba cha chai, ukuta wenyewe wa mbao, "Kaenda kozi miezi michache, karudi na masharti ya mganga. Usishike hiki, usiguse kile. Hatujui kuzalisha sisi?" Wenzangu wakacheka. Zaina naye alikuwa mle ndani akigawa vikombe. Aliniambia jioni kwamba yeye hakucheka, nikamwamini.

Nikajaribu njia nyingine. Asubuhi moja nilimpa Zaina jagi, nikamwambia atembee na raundi, awamiminie watu maji mikononi, na beseni liwe chini la kupokelea. Daktari akakinga mikono. Kitanda cha nne alikuwa amelala mke wa mfugaji mmoja wa kule nyikani, ana homa, na mama mkwe wake amekaa sakafuni. Yule bibi alipoona maji yanamiminika na mengine yanaruka pembeni yanaanguka kwenye saruji, alipiga kelele kama ameona nyumba inaungua. "Msimwage maji! Nyie mna wazimu? Nimetembea tangu alfajiri kutafuta maji, nyie mnamwaga!" Akachomoa sufuria yake chini ya kitanda akaja akaikinga chini ya mikono ya Daktari. "Bibi, maji haya yana uchafu wa wagonjwa," nikamwambia. "Mbuzi wangu hawaulizi," akajibu. Wodi nzima ikaangua kicheko, hata wagonjwa. Metroni hakucheka. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Unaona, Sista? Nchi hii si ya kumwaga maji." Kesho yake jagi lilikuwa limerudi jikoni na beseni limerudi juu ya kigari.

Lililoniuma ni kwamba yule bibi alikuwa na haki. Maji hayakuwepo. Metroni naye upande huo alikuwa na haki, na ndiyo maana sikuweza kulala. Nikafikiri, nikafikiri, mpaka siku moja nikiwa natazama kibatari chetu mafuta yanavyopanda kidogokidogo, nikamwambia Zaina, "Tunataka uzi wa maji. Uzi tu." Debe la mafuta ya kula likitobolewa chini na kuwekwa koki ndogo, ukilifungua robo, linatoa uzi wa maji unaotosha mikono miwili, na raundi nzima haitamaliza hata maji ya beseni moja. Zaina akapiga makofi. "Na mimi nikienda leba, da Hawa, liwepo," akasema. "Usimwache mtu anishike kwa mikono ya beseni. Hiki nikikipoteza sitapata kingine." Nikamwambia, "Litakuwepo." Nilisema hivyo. Nilikuwa na muda, nilidhani, kwa kuwa tumbo lilikuwa bado halijashuka.

Fundi bati wa kuaminika alikuwa Korogwe. Nikaomba ruhusa. Nikaambiwa lori ni la maji tu. Nikaomba tena. Nikaambiwa koki haiko kwenye mahitaji ya hospitali. Nikasema nitanunua mwenyewe. Nikaambiwa mtumishi hanunui vifaa vya serikali, ni kinyume cha utaratibu. Viongozi wa Chama wakija kutuhutubia walisema tujitegemee, tutumie tulicho nacho, na Metroni alikuwa wa kwanza kupiga makofi, nikamwambia, "Debe tunalo, Metroni." Akaniambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu." Nilisikia la mkuu. Guu likavunjika la mwingine.

Kisha bila kutegemea, kiangazi kimekaza na tumbo la Zaina limeshashuka, Metroni akaniita. Sabuni imekwisha kabisa, lori linakwenda Korogwe kuchukua, mtu wa kuisimamia ni mimi. "Na hilo debe lako," akaongeza bila kunitazama, "ukipata nafasi." Nilimuaga Zaina mlangoni, amesimama ameshika kiuno. "Usikawie," akasema. "Mtoto wangu hajui kalenda." Nikamwambia siku mbili tu. Tulifika Korogwe, na mji ule una maji, jamani, mto umepita hapo hapo, watoto wanarushiana maji kwa mchezo, wanawake wanasuuza nguo ambazo zimeshatakata. Nilisimama pale nikaona uchungu hasa. Fundi hana risasi ya kuchomelea, nisubiri inakuja na treni. Sabuni haijafika ghalani, nisubiri. Risasi ikaja, sabuni ikaja, lori likavunjika springi. Dereva anakunywa chai, ananiambia, "Tulia Sista, haraka haraka haina baraka." Nilimjibu neno ambalo sista hapaswi kulijua. Tuliporudi, wiki ilikuwa imekatika. Debe nilikuwa nimelipakata mapajani safari nzima, limepakwa rangi nyeupe, koki inang'aa.

Chumbani kwetu jiko lilikuwa la baridi. Nilikwenda wodini na debe mkononi, nikamkuta Zaina kitanda cha tano. Pembeni yake mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Na Zaina macho yanawaka homa. Nilimshika mkono, sikuwa na haja ya kipimajoto. "Umelileta," akasema, akitazama debe. Nikamuuliza nani alimzalisha. "Metroni mwenyewe. Ilikuwa vigumu, aliniokolea mtoto, da Hawa, usimseme. Lakini alikuwa ametoka kumshika mama mmoja mwenye homa, wa kitanda cha nne. Nikamwambia, Metroni, maji. Akatumbukiza kwenye beseni. Akaniambia, maji haya haya kanawa Daktari." Akamfunika mtoto kwa ncha ya shuka. "Ningesema nini? Ni mkubwa wangu."

Alikufa baada ya siku chache, mchana kweupe, watu wakila. Sitaeleza zaidi. Niseme tu kwamba asubuhi iliyofuata raundi ilipita kama kawaida, kigari kile, taulo lile, na walipofika kitanda cha tano kilichotandikwa shuka mpya, Daktari akatumbukiza mikono, Metroni akatumbukiza, na zamu ikafika kwangu. Nikalishika beseni kwa mikono miwili nikalibinua. Maji yakaenea wodi nzima, yakalowesha viatu vyeupe vya Metroni mpaka kwenye soksi, na lisoli ikanuka. Nikamwambia, "Nimemwaga maji ya mkubwa. Nichape." Hakunichapa. Mikono yake ilikuwa bado imekingwa mbele inadondosha. Sijutii hata leo. Barua ya uhamisho ilinikuta mwezi haujaisha: zahanati ya Mashewa, kwa utovu wa nidhamu. Debe langu likafungiwa stoo, kwa sababu halikuagizwa kwa utaratibu.

Mengine niliyasikia nikiwa Mashewa. Wageni wa mkoa walikuja, wakaingia stoo wakitafuta kitu kingine, wakaliona debe, wakauliza. Metroni akaeleza linavyofanya kazi, kila kitu, uzi wa maji na vyote, wakamsifu. Debe likapandishwa wodini, likatengenezwa jingine na jingine. Homa ikapungua. Niliposikia nilikaa chini nikalia kwa hasira na kwa furaha pamoja, sijui ipi ilizidi. Na mtoto wa Zaina, kwa kuwa baba hakuonekana na ndugu walikuwa na njaa zao, Metroni alimchukua akamlea, akamwita Rehema. Nikasema moyoni, kachukua debe, kachukua na mtoto. Miaka yote hii tulikuwa tunakutana, sokoni Korogwe, kwenye harusi, kwenye misiba ya wenzetu waliokuwa wakipukutika. "Shikamoo Metroni." "Marahaba Sista, hujambo?" Basi. Neno moja nililokuwa nalitaka halikutoka kinywani mwake. Na sasa ameondoka nalo, na mjukuu anasoma wasifu.

Tulirudi kutoka makaburini jua limepinda, tukapangwa kwenye mikeka, wali ukawa unakuja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sili. Nitadai presha, nitasubiri gari, nitaondoka na hasira yangu niliyokuja nayo. Vijana wakaanza kupita na majagi kunawisha watu, maana siku hizi hakuna anayetumbukiza mikono popote, hata vijijini. Yule aliyekuja upande wangu nikaona si kijana. Alikuwa mwanamke wa makamo, kajifunga kanga ya msiba, macho yamevimba, na nywele zimejaa zinatoka pembeni ya kitambaa. Wanawake wenzangu wakashtuka. "Rehema, hee! Rudi ndani ukakae mkekani. Mfiwa hanawishi watu, mfiwa hunawishwa." Akawajibu, "Najua." Akapiga magoti mbele yangu, magoti yote mawili, akaweka beseni la kupokelea chini.

"Shikamoo, mama Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Lakini mimi sili."

"Si kwa ajili ya kula," akasema, kwa sauti ndogo iliyonikumbusha chumba chetu na jiko la mkaa. "Mama aliniagiza. Alisema, siku nikifa Sista atakuja, maana hata akinichukia atakuja. Usimwachie mtu mwingine. Umnawishe wewe, kwa mikono yako. Na akishanawa, yale maji umwage hapo hapo, mtu mwingine asiyatumbukie. Alisema wewe utaelewa."

Nilielewa: lile neno nililokuwa nalitaka kalituma kwa maji. Hasira ilinipanda upya, nataka kusema kweli. Miaka yote ile, mdomo alikuwa nao, mimi nilikuwa hapo sokoni nachagua nyanya, angesema! Angelitaja jina la Zaina mara moja tu. Lakini jagi lilikuwa limeinama tayari mikononi mwa mtoto wa Zaina, nikakinga mikono yangu. Akamimina taratibu, uzi tu, kama mtu aliyefundishwa kwa muda mrefu namna ya kumimina. Kisha akasimama na lile beseni la maji niliyonawa mimi, akatoka nalo mpaka uani mbele za watu wote, akayamwaga.